Mafuta ya elfu thelathini hayafiki tena Ijumaa

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta. Bei ikipanda, simu ya gereji yetu haitulii, na maneno ni yale yale: "Fundi, ulinifanyia sevisi, mbona gari bado linakula mafuta?" Wiki iliyopita dada mmoja mwenye Toyota IST alisimama getini akatuita wezi mbele ya wateja wengine. Alikuwa amelipa 85,000: kupima kwa mashine, kusafisha nozeli zinazonyunyiza petroli kwenye injini na throto inayopitisha hewa, chujio jipya la hewa (eya klina). Na mafuta yake ya elfu thelathini bado yanaisha Alhamisi. Iliniuma sana.

Nikamuuliza anaweka lita ngapi. Hakujua. Ndivyo tulivyo hapa Dar, unamwambia kijana wa sheli "niwekee ya elfu thelathini" unaondoka. Lita ikiwa 2,500 umepata lita 12. Ikiwa 3,000 umepata 10. Zile lita mbili gari halijazila, hazikuingia kwenye tanki kabisa. Na 3,000 tumeshawahi kuivuka. Mwaka 2022 bei ilipita hapo, ingawa Serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni. Ndani ya kila lita kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya petroli, na hizo zimepangwa kwa shilingi kwa lita. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Soko la dunia likishuka, fungu hilo halishuki nalo. Nozeli nitazisafisha mpaka zing'ae, tozo sina uwezo nayo.

Kwa hiyo kabla hujaja kulalamika, nakuomba jambo moja. Jaza tanki mpaka bomba lijikate, rudisha tripu, kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, kwenye sifuri, tembea wiki nzima, kisha jaza tena sheli ile ile mpaka lijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Yule dada alifanya hivyo akapata kilomita 11 kwa lita. Kwa mtu anayetoka Kimara kwenda Posta kila asubuhi, foleni na AC juu, IST hiyo haiumwi.

Yapo magari yanayokula kweli, na hapo ndipo njia ya mkato inapowaumiza watu. Fundi wa kando ya barabara anakwambia masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki, yameziba, yakate injini ipumue, mafuta yatapungua. Mnunuzi wa masega naye yuko pale pale na pesa mkononi. Nani atakataa?

Mzee mmoja wa Mbagala mwenye Noah hakukataa. Aliuza masega 200,000, wakamchomelea bomba tupu. Miezi minne baadaye alikuja kwetu gari linanuka petroli, moshi mweusi, wajukuu wanatapika kiti cha nyuma. Tulipopima, sensa ya oksijeni ya juu, ile inayokaa kabla ya masega, ilikuwa imekufa. Sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ipunguze au iongeze mafuta. Ikifa, mara nyingi injini inamwagiwa petroli kupita kiasi, ile isiyoungua inakwenda kuwaka ndani ya masega mpaka yanayeyuka na kuziba. Masega yalikuwa mgonjwa wa pili, wakamkata yeye wakamwacha wa kwanza. Tungebadilisha sensa mapema angelipa 120,000. Alilipa sensa, plagi nne, oili iliyokwisha kuchanganyika na petroli, na masega mengine kutoka Gerezani pamoja na kuchomelea. Ilifika 690,000.

Tena masega yana kazi. Ndani yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, yanageuza kaboni monoksidi kabla haijatoka nje. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na inaua. Ukiyatoa, gesi hiyo anaivuta bodaboda aliyesimama nyuma yako Tazara na mama anayeuza mihogo pembeni. Kwa kweli hili linanikera kuliko hata kuitwa mwizi.

Wengine wanatolewa thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, eti Dar kuna joto haihitajiki. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta. Mwezi uliopita Vitz tatu zilikuja na tatizo hilo hilo.

Sasa hizo 85,000. Nozeli tunazifungua, tunaziweka kwenye mashine mbele yako, unaona ipi inanyunyiza na ipi inadondosha kama bomba la mtaani. Oringi, zile pete za mpira za kuzibia, tunaweka mpya zote. Ni kazi ya saa tatu. Anayekutoza 15,000 anamwaga kichupa cha dawa kwenye tanki, na uchafu unabaki pale pale.

Kupima peke yake ni 20,000, ukitengeneza kwetu tunaikata kwenye bili. Spea ya zamani unaondoka nayo kwenye mfuko. Masega hatukati wala hatununui. Njoo asubuhi kabla ya saa mbili, injini ikiwa bado ya baridi, na ile namba yako ya kilomita kwa lita uje nayo.