Tuta lisisubiri maiti

Mhariri,

Kila Jumapili ya tatu ya Novemba huwa ni siku ya kuwakumbuka waliokufa barabarani, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 2005. Sisi tunaoishi kandokando ya barabara ya Segera, hapa Tanga, kumbukumbu zetu ni matuta. Mgeni anayeingia mjini akitokea Kange huyalaani kwamba yanamvunjia springi. Mimi baadhi yake nayajua kwa majina ya marehemu, kwa sababu niliyoyaona yakiwekwa yaliwekwa baada ya mtu kugongwa, vijana kupanga mawe katikati ya lami, na viongozi kuja kuahidi.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mama wa watoto wawili, aligongwa alfajiri akivuka kupeleka vitumbua kwa wateja wake. Alikuwa kwenye kivuko, ingawa rangi yake ilikwisha kulika, ikabaki michirizi miwili upande mmoja. Nilipofika, ndoo yake ya plastiki ilikuwa imesimama wima pembeni, mfuniko haujafunguka, na vitumbua vilikuwa bado vya moto. Msibani kila aliyeingia alisema ajali haina kinga. Msemo huo nimeuitikia tangu utotoni, lakini siku ile nilishindwa kuuitikia.

Kinga ipo, nayo ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba gari linalomgonga mtembea kwa miguu likiwa katika kilomita 65 kwa saa lina hatari ya kumuua mara 4.5 kuliko likiwa katika kilomita 50, na hizo 50 ndizo kikomo cha sheria yetu kwenye makazi ya watu. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na asilimia 23 kati yao walikuwa wakitembea kwa miguu.

Kibao cha 50 peke yake hakimpunguzi mwendo dereva aliyeachiwa barabara pana na iliyonyooka, hasa wa lori la saruji kutoka upande wa Pongwe anayewahi safari ya pili. Tazama Ngamiani, hapahapa mjini, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba: dereva yuleyule akifika huko huenda taratibu, si kwa kuwa amekuwa mcha Mungu ghafla, bali kwa sababu kila baada ya nyumba chache kuna njia panda, na katikati yake wamejaa waendesha baiskeli, ambao mji huu haujawahi kuwapungukiwa. Ni barabara yenyewe inayomshika mguu. Dar es Salaam nako, kazi ya Amend, shirika la usalama barabarani, ya kuweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye shule za msingi ilipata tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019, wala hayo si mambo ya gharama kubwa kama ya kujenga daraja.

Ninachoomba kwa wahusika ni kwamba wahesabu mahali watu wanapovuka, si mahali walipofia, kisha waweke hapo kivuko kilichoinuliwa, taa, na njia ya miguu isiyogeuzwa maegesho ya bodaboda. Hapa nakiri kwamba nasi wenye vibanda tumeila njia hiyo, na tuondolewe bila kuoneana haya.

Mhandisi atakayepewa kazi hiyo asije saa nne akiwa ndani ya gari. Aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wa wanafunzi, ashike watoto wawili mkono huu na huu, asimame pale penye michirizi miwili, ajaribu kuvuka.

Mwalimu mstaafu,
Tanga