Barua kwa mgosi wa Mwanza: sijahama Simba

Ngamiani, Tanga.

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama, ambaye goti lake humsumbua kila mvua inapokaribia, na ameniagiza nikukumbushe kwamba bado anakudai ile sufuria uliyoondoka nayo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaendelea vema.

Barua yako niliisoma mara mbili, na ile mara ya pili nilicheka peke yangu. Umeiona picha niliyopigwa uwanjani Mkwakwani nikiwa nimevaa jezi ya Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, siku ambayo Simba ilikuwa ikicheza Dar es Salaam, nawe ukaketi ukaniandikia kurasa mbili nzima za kunituhumu kwamba nimehama, tena ukamalizia kwa kusema kuwa mtu mwenye timu mbili ni sawa na mtu mwenye kibla mbili. Maneno hayo, kwa kuwa yametoka kwa mtu wa Yanga, sikuyapokea kama nasaha. Hata hivyo yamenikalia kichwani wiki nzima, kwa sababu swali lenyewe ni la haki: mtu aliyekwisha kuwa na timu anaitafutia nini nyingine?

Nianze na ile ya kwanza. Wewe na mimi, mgosi, hatukuchagua. Babu yangu, Mungu amrehemu, hadi anafariki hakuzoea kulitamka jina la Simba. Kwake ilikuwa Sunderland, au "Sanda" kwa mkato, kama ilivyoitwa kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1971, na sidhani kama aliwahi kujua kwamba Sunderland ni mji wa Waingereza wenye timu yake hadi leo. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 ni hiyo Sanda iliyotwaa ubingwa wa kwanza, na habari zikamfikia hapa Tanga kwa redio, akiwa hajawahi kukanyaga Kariakoo. Redio ndiyo iliyotufanya sote watu wa Dar es Salaam bila kupanda basi. Kijana wa Tanga, wa Kigoma au wa Songea alikua akisikia majina ya wachezaji wa Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, kuliko majina ya wale waliokuwa wakicheza umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao. Baba akarithi, nami nikarithi, na kwenu mkarithi kinyume chetu, ndiyo maana tangu darasa la kwanza mimi na wewe tumekuwa watani.

Timu ya namna hiyo mtu hupewa kama anavyopewa jina la ukoo, na pamoja na jina hupewa madeni yake. Simba ikifungwa Jumamosi, Jumatatu ninadaiwa mimi. Mlinzi wa getini ananidai, karani wa masjala ananidai, hata mama wa chai, ambaye sijawahi kumsikia akitaja jina la mchezaji mmoja wa Yanga, huniwekea kikombe mezani kwa tabasamu ninalolijua. Sisemi kwamba utani huu ni mbaya. Bila huo mpira wetu ungepooza. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuutazama mchezo kwa utulivu huku akijua kwamba kila pasi inayopotea atakuja kuilipia. Nimeitazama Simba kwa zaidi ya miaka thelathini, na ukiniuliza ni lini niliitazama nikafurahia mpira wenyewe, bila kuhesabu dakika zilizobaki, nitakutajia mechi tatu au nne, na zote tulikuwa tukiongoza kwa mabao manne.

Utaniambia kwamba hilo silo, kwani wewe una Yanga na una Arsenal, na zote mbili zinakunyima usingizi. Hapo ndipo tunapotofautiana. Arsenal yako si timu ya pili. Ni timu ya kwanza nyingine, uliyoiongeza kwa kuwa haiwezi kukutana na Yanga na kukutia katika mtihani, na umeipa mambo yote ya timu ya kwanza: watani, kisasi, na ile hali ya kuzima simu wakifungwa. Mtu mwenye Yanga na Arsenal ana Jumatatu mbili. Vivyo hivyo siihesabu timu ile ya siku moja ambayo kila mmoja wetu huiazima ili kumkomoa mwenzake. Mei 2023, Yanga ilipokutana na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mtaa wetu ulijaa ghafla wapenzi wa Waarabu hao, nami nilikuwa mmoja wao, sikatai. Nawe ulilipa deni hilo Mei 2025, Simba ilipofika fainali hiyohiyo, kwa kuipenda RS Berkane kwa siku nane, tangu mechi ya kwanza kule Morocco hadi ile sare ya Amaan, Zanzibar. Mapenzi hayo hayana mizizi. Sasa hivi ukiniamuru nikutajie kipa wa USM Alger siwezi.

Timu ya pili ya kweli hupatikana kwa njia nyingine, na nadhani mfano ulio wazi zaidi kwetu sisi ni mshambuliaji wetu Mbwana Samatta. Unakumbuka alipokuwa TP Mazembe ya Kongo, jinsi watu ambao hawakuwa na habari na Lubumbashi walivyoanza kufuatilia ratiba yake, na mwaka 2015 Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika tukasherehekea kana kwamba kombe limeletwa Temeke. Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na kurasa za klabu hiyo mitandaoni zikajaa Kiswahili hadi Waingereza wakashangaa. Mimi niliitazama fainali ya Kombe la Ligi, Machi 1 mwaka huo, katika kibanda umiza kimoja cha barabara ya kumi na mbili, mahali pa viti vya plastiki na feni moja. Manchester City walikwisha kuongoza 2-0, na jamaa wawili wa City walikuwa wamekaa mbele wakitusimanga. Dakika ya 41 ikaja krosi, Samatta akainama akaipiga kwa kichwa, na kabla mtangazaji hajamaliza kulitaja jina lake wale jamaa wa City ndio waliokuwa wa kwanza kusimama. Mmoja alipiga kelele mpaka kofia ikamdondoka. Mechi iliisha 2-1 na kombe likaenda kwao, lakini walitoka nje wakizungumzia bao walilofungwa.

Septemba akaenda Fenerbahçe, na Villa wa Ngamiani wakatawanyika kama watu waliomaliza hitima. Siwalaumu, kwa maana walimpenda mtu, si timu. Lakini fundi cherehani wa hapo kona, ambaye nyumbani ni Simba kindakindaki, hakuondoka. Nilipomuuliza alinijibu kwamba alikwisha kuwazoea. Alikuwa ameshayajua majina, ameshajua beki gani ni mzito wa kugeuka, na hakuona sababu ya kuupoteza ujuzi alioupata kwa shida. Aprili 2025 Villa waliwafunga PSG 3-2 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakatolewa kwa jumla ya mabao 5-4, na kesho yake nilimkuta fundi wangu akishona huku akipiga mluzi. Hakuna mtu katika mtaa mzima aliyekuwa na habari ya kumtania, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimhesabu. Nikamwonea wivu.

Hicho ndicho ninachokifuata Mkwakwani. Siku ya ile picha Coastal ilikuwa ikicheza na timu ambayo hata wewe ungelazimika kufikiri kidogo kabla ya kutaja mkoa wake. Jukwaa lilikuwa na watu wa kuhesabika, na utulivu ulikuwa wa kiasi kwamba tuliweza kumsikia kocha wa wageni akimgombeza winga wake. Muuza kahawa alikuwa akipita akigonganisha vikombe, na mpira ukitoka nje kwa upande wetu alikuwa akisimama na dele lake aone umeelekea wapi, kisha anaendelea na safari. Beki wetu wa kushoto ni kijana ambaye asubuhi nyingi tunakutana kwenye karai la mihogo. Anapenda chachandu kupita kiasi. Nilimwona akipandisha mara ya kwanza, krosi ikaishia nyuma ya goli. Akapandisha mara ya pili, ikagonga mguu wa mtu. Mara ya tatu mzee aliyekaa mbele yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mwanawe sebuleni, "Inua kichwa kwanza." Kijana akainua kichwa. Krosi ile haikuleta bao, lakini ilikuwa krosi, nami nilitembea hadi nyumbani nikiwa na furaha ambayo siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hivyo.

Sasa nikiri jambo ambalo huenda likakupa silaha. Nilidhani Coastal ni mahali pangu pa kupumzikia tu, mahali nisipodaiwa, hadi ulipofika msimu wa 2015/16. Coastal ilipotwaa ubingwa wa 1988 tulikuwa watoto, na nakumbuka kelele za barabarani kuliko mpira wenyewe. Miaka iliyofuata niliipenda timu ile kama mtu anavyompenda shangazi anayeishi karibu, kwa kuamini kwamba hata usipomtembelea yupo. Msimu ule wakashuka daraja Coastal, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga kwa mkupuo mmoja. Yanga ndio mliotwaa ubingwa, nawe ulinipigia simu kunisimanga kwa ajili ya Simba, na nakumbuka ulishangaa kwamba sikujibu kwa maneno makali. Sikuwa nimekusikiliza. Nilikuwa nimekaa barazani, chakula kimepoa, nikijiuliza mwakani Jumamosi alasiri nitakwenda wapi. Huzuni ile ilinishtua kwa sababu hakuna aliyenidai. Hakuna mtu aliyenitania kwa kushuka kwa Coastal. Hapa wote tulikuwa wafiwa, na kwingineko hakuna aliyejali.

Coastal walirudi ligi kuu baada ya misimu miwili, mwaka 2018, na mwaka 2024 wakamaliza katika nafasi ya nne, wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa hatua ya awali na Bravos do Maquis ya Angola. Wewe ulicheka. Mimi niliihesabu ile kuwa safari nzuri.

Kuhusu kibla, basi, swali lako gumu ni Simba inapokuja Mkwakwani. Nitakuambia ukweli. Kwa miaka mingi nilijitayarishia jibu zuri, kwamba nitafurahia atakayefunga, na siku hiyo nilivaa shati jeupe lisilo na nembo ili nisimkwaze mtu. Simba walipopata bao, mikono yangu ilipanda juu kabla sijaamua chochote. Ni mikono ya babu ile, siwezi kuishtaki. Kisha nikaona yule kijana wa mihogo ameketi kwenye nyasi, amejishika kichwa kwa sababu mpira ulipita upande wake, na mikono ikashuka yenyewe. Jirani yangu jukwaani, mtu mzima mwenye kanzu, alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Umeumwa na nyuki?" Nikamwambia ndiyo. Dakika zote zilizobaki nilikaa nimeikunja mikono hiyo kifuani, na hadi filimbi ya mwisho sikuweza kujua nilikuwa nikiomba nini.

Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba zile ni timu ya kwanza na ya pili kwa mpangilio huo. Naweza kukuapia tu kwamba sijahama.

Na wewe, swahiba, usidhani sikuiona picha uliyoiweka mwenyewe ndani ya bahasha ukisema ni ya kunionyesha jinsi watoto walivyokua. Watoto wamekua kweli, wameremeta. Lakini wamesimama kwenye jukwaa la CCM Kirumba, na mdogo ameshika kibendera cha Pamba, timu ya huko Mwanza. Hao TP Lindanda, kama wanavyoitwa, walikaa nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka ishirini hadi waliporudi mwaka 2024, nawe umehamia Mwanza juzi tu. Hukurithi kitu pale, wala hakuna mtu ofisini kwako atakayekusimanga kwa ajili yao. Umewapata kwa njia ileile niliyokueleza, kwa kwenda mara moja kupoteza jioni, ukarudi tena kuona kama yule mchezaji fulani amejifunza. Hujaniandikia kwamba waliposhinda mechi yao ya mwisho ulijisikiaje. Niandikie.

Pamba watakapokuja Mkwakwani naomba uchukue likizo ya siku tatu uje. Utalala kwetu, chumba cha uani kimepakwa rangi, na mama atapika wali wa nazi na samaki kama zamani, kwa sharti kwamba ile sufuria uje nayo. Tutakaa jukwaa la upande wa jua, maana ndiko anakokaa yule mzee, na yeye hapendi watu wanaopiga kelele kabla mpira haujavuka mstari wa kati.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu, hata huyo wa kibendera.

Ni mimi rafiki yako wa barabara ya kumi na mbili.