Kijana anayeifundisha kompyuta sataranji hapotezi muda

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba kijana anayekesha akitunga programu ya kompyuta ya kucheza sataranji (chess) anapoteza miaka ambayo angeitumia kujiandaa kwa kazi ya mgodini, ya sheria au ya udaktari. Nimefundisha hesabu katika shule za sekondari za hapa Lubumbashi kwa miaka ishirini na mmoja na sikubaliani naye hata kidogo, ingawa hofu yake naielewa, kwa sababu mzazi aliyelipia masomo ya mtoto mpaka mwaka wa sita ana haki ya kuuliza bukari, yaani ugali wa kila siku, itatoka wapi.

Nianze na hilo la bukari. Ni kweli kwamba wengi waliosifika katika fani hii walikuwa na kazi nyingine iliyowalisha. Ken Thompson, mmoja wa wabunifu wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alitengeneza mashine ya kucheza sataranji iliyoitwa Belle pamoja na Joe Condon katika maabara za Bell huko Marekani; mwaka 1980 Belle ilichukua ubingwa wa dunia wa kompyuta mjini Linz, Austria, na mwaka 1983 ikawa kompyuta ya kwanza kupewa daraja la umasta, yaani la wachezaji mahiri. Robert Hyatt, ambaye programu yake Cray Blitz ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1983 na tena mwaka 1986, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Lakini wapo pia waliokula kwa kazi hiyohiyo. Dan na Kathe Spracklen, mume na mke, waliandika programu ya sataranji iitwayo Sargon, wakashinda nayo mashindano ya kompyuta ndogo mwaka 1978, kisha kampuni iliyotengeneza mbao za sataranji za umeme ikawapa kazi. Feng-hsiung Hsu alianza mwaka 1985 akiwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, na ilimchukua miaka kumi na miwili, yeye na wenzake, kufika siku ile ya Mei 1997 ambapo Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM iliyokuwa ikipima mikao ya kete ubaoni milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Mwaka uliotangulia ilikuwa imefungwa naye 4 kwa 2. Miaka kumi na miwili, Bwana Mhariri, na katikati yake kushindwa mbele ya dunia nzima.

Naona msomaji mwenzangu hajawahi kuiona kazi yenyewe inavyofanyika, kwa hiyo nieleze niliyoyaona kwa macho yangu hapa mtaani kwetu Katuba. Mchezo wa sataranji unapoanza, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua. Mwenye nyeusi akishajibu, njia zinakuwa 400. Baada ya hatua nne zinafika 197,281. Na baada ya tano ni 4,865,609. Namba hizi zinajulikana na hazina ubishi, na watunga programu wa sataranji kote duniani huzitumia kuhakiki kama programu mpya imezielewa sheria za mchezo, kabla hata ya kuifundisha kushinda. Mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka kumi na saba, alinijia jioni moja na daftari lenye hesabu za programu aliyoitunga. Hatua nne zilikuwa sawasawa. Ya tano ilimpa 4,865,351, yaani pungufu ya 258.

Pungufu ya 258 katika karibu milioni tano! Mtu mwingine angesema yatosha. Yeye alikaa jioni tatu akiigawa hesabu kwa kila moja ya zile hatua ishirini za mwanzo, akilinganisha fungu kwa fungu, huku betri ikiisha na umeme ukirudi saa tano za usiku. Jioni ya nne alikuja mbio: “Mwalimu, haikujua kula kwa kupita!” Iko sheria moja katika sataranji kwamba kete ndogo ikiruka miraba miwili na kutua ubavuni mwa kete ndogo ya mpinzani, mpinzani anaweza kuila papo hapo kana kwamba imesogea mraba mmoja tu. Kijana alikuwa ameiandika sheria hiyo, ila kwa alama moja iliyokosewa programu haikuitumia kamwe. Sasa namuuliza msomaji mwenzangu: benki, hospitali au mgodi unaolipa mishahara ya watu elfu kadhaa kwa kompyuta, usingependa kuwa na mtu ambaye hapati usingizi kwa sababu ya 258 zilizopotea?

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende fani hii kwa vijana wa mji wetu: haikuanzia kwenye utajiri wa mashine. Mwingereza Alan Turing, pamoja na David Champernowne, walitunga kanuni za kuchezea sataranji mwaka 1948, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta ya kuzibeba, na mwaka 1952 Turing alicheza mchezo mzima dhidi ya Alick Glennie akifanya yeye mwenyewe kazi ya mashine, kwa karatasi na kalamu, karibu nusu saa kwa kila hatua. Alishindwa, lakini kanuni zilikuwa zimefanya kazi. Mwanafunzi wangu umeme unapokatika anaweza kufanya vilevile, na nimewahi kuwaona darasani wawili wakifanya. Wanajifunza pia kubana hesabu: ukishagundua kwamba hatua fulani itakupotezea malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, huna haja ya kuendelea kutafuta njia nyingine ambazo mpinzani angekuumiza nazo, unaiacha na kutazama hatua nyingine. Watunga programu huiita mbinu hiyo alfa-beta, na bila ubanaji huo hata mashine kubwa hazifiki mbali.

Na mlango uko wazi. Mfaransa Fabien Letouzey aliutoa hadharani msimbo wa programu yake ya sataranji, Fruit, yaani maandishi yanayoiendesha, na mwaka 2005 programu hiyo ikashika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia mjini Reykjavik. Stockfish, programu nyingine ya sataranji iliyoanza mwaka 2008 na ambayo leo hakuna binadamu anayeweza kuishinda, inaendelezwa na watu wa kujitolea. Wazo la yeyote, awe nani, hujaribiwa kwa maelfu ya michezo, na likiongeza nguvu linapokelewa. Mawazo mengi hukataliwa. Hakuna anayeuliza mwenye wazo anatoka wapi, na ni vigumu kwangu kutaja kazi nyingine ambayo kijana wa Katuba angepimwa hivyo.

Hata hivyo lipo jambo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam waliumaliza kabisa mchezo wa awari, ndugu wa michezo yetu ya mbegu na mashimo, kwa kuihesabu mikao yote 889,063,398,406, wakaonyesha kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa mchezo huisha sare. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini babu yangu alinifundisha kisolo, mmoja wa michezo hiyo yetu, huko Kamina, chini ya mwembe, kwenye safu nne za mashimo yaliyochimbwa ardhini, na alikuwa akihesabu mbegu kwa jicho tu, raundi nzima, kabla hajagusa shimo. Yule kijana wa jirani sasa anataka kuiandikia kompyuta mchezo huo. Amekwama, na safari hii si kwa sababu ya umeme: sheria alizopewa na bibi yake hazilingani na nilizofundishwa mimi, hasa kuhusu ni lini mchezaji anaruhusiwa kuokota mbegu za mwenzake na kuendelea kuzipanda, yaani kuzigawa moja moja mashimoni. Kompyuta haikubali “tunaonaga vile tutafanya”. Kila jambo lazima lisemwe mpaka mwisho.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba gazeti lenu litenge sehemu ndogo, hata ya majuma machache, ambapo wazee wetu wa mitaa ya mji huu, Katuba, Kenya (mtaa wetu, si nchi), Ruashi na kwingineko, pamoja na wale walioko Kamina na Likasi, wataandika au kuandikiwa na wajukuu zao sheria za kisolo kama walivyozicheza wao, kila mmoja akitaja mahali alipojifunzia. Mimi niko tayari kuzipokea na kuzipanga bila malipo, na kijana ameahidi kutunga programu moja kwa kila namna ya kucheza itakayoletwa.

Mwalimu wa hesabu,
Katuba, Lubumbashi