Kura ya jaji isingoje hasira

Ndugu Mhariri,

Kila mahakama za nyumbani Kenya zinapotoa uamuzi unaoudhi watu, hawakosi wanaosema kwamba heri majaji nao wangepigiwa kura kama wabunge. Mimi naishi kaunti ya Santa Clara, California, ambako majaji wa mahakama ya kaunti hupigiwa kura, na ningeomba wenye wazo hilo waitazame kwanza safari ya jaji mmoja, Aaron Persky.

Persky alikuwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2002 aligombea ujaji akashindwa, na mwaka uliofuata gavana Gray Davis akamteua. Kwa sheria ya huku, jaji wa kaunti hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 6, lakini asipojitokeza mpinzani, jina lake haliandikwi kabisa kwenye karatasi ya kura na huhesabiwa kuwa amechaguliwa.

Tarehe 2 Juni 2016, Persky alimfunga miezi 6 katika jela ya kaunti mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyepatikana na hatia ya kumdhulumu kingono mwanamke aliyekuwa amezimia, ilhali upande wa mashtaka uliomba miaka 6 gerezani. Kijana yule alitoka baada ya miezi 3. Nami nina mabinti, na hukumu ile ilinichoma moyo. Siku 5 baadaye ukafanyika uchaguzi, na kwa kuwa hakuna aliyejiandikisha kumpinga, Persky akapata muhula mwingine bila sisi kuliona jina lake popote.

Ikabidi watu wakusanye saini ili ipigwe kura ya kumwondoa. Karatasi ya kura ya Juni 2018, nilipoitandaza juu ya meza ya jikoni, ilikuwa na maswali mawili: kwanza, Persky aondolewe, ndiyo au hapana, kisha, kati ya wanawake wawili, nani ashike nafasi yake. Nilikaa nayo siku 3. Tume ya jimbo inayosimamia mwenendo wa majaji ilikuwa imekwisha kumwondolea lawama, na mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, Jeff Rosen, ambaye ofisi yake ndiyo iliyoomba ile miaka 6, alipinga kuondolewa kwake. Nikatia alama kwenye hapana. Adhabu haikutosha, na hilo nalisema bila kusita, lakini nilimwogopea kijana maskini atakayesimama siku moja mbele ya jaji anayehesabu kura kabla ya kupima ushahidi. Wengi waliamua vingine, na Persky akawa jaji wa kwanza California kuondolewa kwa njia hiyo tangu 1932.

Kinachoniuma ni ile miaka 13, tangu ateuliwe hadi hukumu ile, ambayo hatukuulizwa lolote juu yake. Majaji wa rufaa wa jimbo hili hupigiwa kura ya ndiyo au hapana hata bila mpinzani, na ndivyo Jaji Mkuu Rose Bird alivyoondolewa mwaka 1986. Wa kaunti nao wangepaswa kufuata utaratibu huo.

Kwetu Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji hadharani wanaoomba ujaji, na kifungu cha 168 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa tume hiyo jaji aondolewe. Wanaodai uchaguzi wa majaji wafuatilie mahojiano hayo yanapofanyika, si baada ya hukumu kuwachukiza.

Msomaji wenu,
San Jose, California