Barua kwa mwanangu: saa hiyo usiivae njiani

Lubumbashi, Alhamisi usiku

Mwanangu Ilunga,

Umelala chumba cha pili na mimi nakuandikia barua. Ningeweza kugonga mlango. Lakini tangu Jumapili, kila nikianza habari ya saa hiyo yako ya Rolex, wewe unainamia simu na mama yako ananikanyaga mguu chini ya meza. Basi nimeandika. Utaisoma Jumamosi, ndege ikishapaa Luano, mahali ambapo hutaweza kunikatiza.

Neno langu ni moja. Usiivae njiani. Kutoka uwanja wa ndege wa N'djili mpaka mjini Kinshasa kuna foleni na joto, dereva atafungua vioo, nawe utaegemeza mkono dirishani kama unavyofanya hapa, bila kufikiri. Kijana anayepita kwa miguu katikati ya magari haombi saa, anavuta mkono. Na habari za wale kuluna, vijana wa magenge, na mapanga yao umezisikia kuliko mimi. Ivue kabla hujashuka kwenye ndege. Itie kwenye soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu katikati ya begi unalobeba mwenyewe. Lile linalokwenda chini ya ndege, hapana.

Usifikiri sijui ulichonunua. Jumapili ulipoivua ukaenda kuoga, niliichukua. Ndiyo, bila kukuomba. Niliiweka sikioni kama nilivyoweka saa za watu kwa miaka zaidi ya thelathini. Saa ya betri hupiga mara moja kwa sekunde, mshale unaruka na kusimama, unaruka na kusimama. Yako hupiga mara nane kwa sekunde, mara 28,800 kwa saa nzima, ndiyo maana mshale wake wa sekunde unateleza kama mafuta kwenye kikaango. Hata hivyo sikio halinitoshi tena, kwa sababu feki za siku hizi nazo zimejifunza kuteleza. Kwa hiyo ulipoiacha juu ya meza ya sebuleni na kwenda kulala, nilirudi. Umeme ulikuwa umekatika. Nilisimama pale na tochi ya simu mpaka saa sita za usiku, nione tarehe inavyobadilika. Iliruka mara moja. Haikujikokota, haikukwama nusu njia. Hapo ndipo nilipokwenda kulala, na nakiri nililala vizuri. Nilifurahi kwamba mwanangu hakudanganywa. Nilifurahi pia kuishika. Katika maisha yangu nimeshika Rolex za kweli nne, na zote zilikuwa za watu wengine.

Lakini dola 5,200, Ilunga! Ulipotaja bei, mama yako aliacha bukari, ugali wetu, mkononi. Mdogo wako Ngoie bado anadaiwa minervali, ada ya shule, ya muhula huu, na wewe unajua, maana karatasi ya shule imebandikwa kwenye kabati mbele ya macho yako. Sisemi ungelipa wewe. Nasema ungeniuliza. Baba yako ni fundi saa na wewe umenunua saa bila kumwuliza baba yako. Hilo limeniuma kuliko bei.

Ningekuambia nini? Ningekuambia kwanza kwamba kwa kujua wakati huihitaji. Rolex wenyewe wanaahidi kwamba saa yao haitapotea zaidi ya sekunde mbili kwa siku, mbele au nyuma. Ni kazi kubwa sana kwa chuma kinachoendeshwa na kamani. Lakini kwa mwezi hizo zinaweza kufika sekunde sitini, wakati saa ya betri ya dola kumi kwa kawaida haipotei zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mwezi mzima. Ndani yake kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana nacho. Wajapani wa Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo siku ya Krismasi ya mwaka 1969. Uswisi karibu ife. Mwaka 1970 kazi ya saa ilikuwa na watu kama 90,000 kule. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Mafundi waliosoma tangu utoto walirudi nyumbani na mabisibisi yao mfukoni.

Kwetu pigo lilichelewa, lakini lilifika. Hapa haikuwa kwatzi, ilikuwa simu. Saa za betri zilikuwa bado zinanilisha: kubadilisha betri, kukata mkanda, kuweka kioo. Simu zilipojaa mjini, watu waliacha hata kuuliza bei. Umeiona meza yangu pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, jinsi ilivyo sasa, vioo vya simu na nyaya za kuchajia, na saa kwenye kopo moja la maziwa. Sitakueleza yaliyofuata, uliyaishi pamoja nasi.

Ajabu ni kwamba zile za bei kubwa hazikufa. Waswisi waliobaki waliacha kuuza wakati, wakaanza kuuza kazi ya mkono. Hicho ndicho ulichonunua, na sitaki ujidanganye kwamba ni kitu kingine. Umenunua magurudumu ambayo mtu ameyapanga, na jina, na macho ya watu watakaokutazama kwenye mkutano pale benki. Siyo bure. Fundi anayeheshimu kazi hawezi kusema ni bure. Ukifungua mgongo wake (usiufungue!) utakuta mashine imekaa juu ya bamba la shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba, Ilunga. Jimbo letu lilibeba jina hilo tangu 1971 hadi 1997, na zinki iko Kipushi hapa karibu. Sijui kama punje ya kwetu imo humo, lakini kila nikifungua saa ya Uswisi nafikiria wachimbaji wetu.

Kinachonisumbua ni lile neno ulilomwambia mama yako: "Ni akiba, mama, bei inapanda." Nani alikuambia? Ni kweli mwaka 2017 kule New York Rolex moja ya aina ya Daytona iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17, lakini ile ilivaliwa na Paul Newman, mwigizaji wa sinema, na mkewe ndiye aliyemnunulia. Yako ilivaliwa na nani? Na wale walionunua mwanzoni mwa 2022, kila mtu aliposema bei itapanda tu, waliziona bei za saa za mtumba zikishuka mwaka huo huo. Tena saa hii inakula. Mafuta yake hukauka, mpira unaozuia maji huchoka, na kila baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe na mtu mwenye vifaa vyake. Mimi sina vifaa hivyo. Wala usiogee nayo kwa sababu imeandikwa Oyster, jina la Rolex zisizoingia maji. Mwaka 1927 mwogeleaji Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliogelea na Oyster saa nyingi kwenye maji baridi kati ya Ufaransa na Uingereza, na haikuingia maji, lakini ile ilikuwa mpya.

Akiba ni kitu kingine. Akiba ni siku unayouza, nayo ni siku ambayo mnunuzi anakusoma usoni.

Najua kwa sababu niliuza. Mwaka 1993, tulipokuwa Likasi, watu wa eneo la Kasai walipofukuzwa na kulala stesheni wakingoja treni, mwalimu mmoja alikuwa ameniachia saa yake ya Omega, kamani imekatika. Alikuja kuniaga akiwa na godoro kichwani. Aliniambia, iweke, nitarudi. Kikaratasi nilichompa alikitia ndani ya kitabu chake cha sala. Niliitengeneza. Niliitia ufunguo kila asubuhi kwa miaka mitatu, isilale. Mwaka huo huo wa 93 walileta fedha mpya, zaire moja mpya kwa milioni tatu za zamani, na hizo mpya nazo zikaanza kuyeyuka. Mtu alipokea mshahara asubuhi akaukimbiza sokoni kabla ya jioni. Saa ile haikuyeyuka. Kwa hiyo usiniambie sijui kwamba saa inaweza kushika thamani, nililiona kwa macho yangu.

Wewe ulizaliwa 1996 kwa upasuaji, na hospitali haikumwachia mama yako kutoka kabla deni halijalipwa. Mlikaa siku kumi na moja. Ile Omega nilimpelekea mtu mmoja wa mjini. Alinitazama, akajua, akanipa chini ya nusu ya thamani yake. Mlitoka Ijumaa.

Yule mwalimu alirudi. Ilikuwa 2009, alinitafuta mpaka soko la Kenya, kikaratasi bado anacho. Nilimwambia saa iliibiwa wakati wa vita. Alikitazama kile kikaratasi, akakirudisha ndani ya kitabu, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia. Akanunua mkanda wa saa, sijui wa saa gani, akalipa bila kuomba nipunguze. Mama yako anajua nilivyoiuza. Hili la 2009 halijui.

Jina lake nimeliandika nyuma ya ukurasa wa mwisho wa barua hii, kama lilivyo kwenye daftari langu. Kinshasa kuna watu wengi wa Kasai. Ukilisikia mahali popote usiseme kitu, niandikie tu.

Tuendelee. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Utataka kuirudisha mishale mara ukishuka; ngoja ufike kwa shangazi yako kule Lemba, ufunge mlango, ndipo uitoe kwenye soksi. Na tarehe usiiguse kati ya saa tatu za usiku na saa tisa za usiku, wakati huo meno ya gurudumu la tarehe yameshikana, unaweza kuyavunja. Watakuambia saa za sasa zinavumilia. Wewe fanya kama nilivyokuambia. Ofisini ivae. Harusini ivae, na uivae vizuri, usiifiche kama mtu aliyeiba, maana umeifanyia kazi na mimi nimewaambia watu watatu sokoni kwamba ni ya kweli. Lakini kwenye teksi, kwenye basi, kwa miguu baada ya giza, hapana. Mkono wako huo ndio ninaoutaka urudi. Saa ikiombwa, itoe, usishindane na mtu kwa ajili yake hata sekunde moja.

Sasa mambo ya nyumba. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena pale pale ulipopiga lami. Nitampata fundi kabla mvua hazijakaza. Makala ya kupikia yamepanda bei. Mama yako amekuwekea samaki wakavu wawili na unga wa mahindi, usimwambie kwamba Kinshasa unga upo, amehangaika nao tangu Jumanne. Kwa minervali ya Ngoie usitume kitu mwezi huu, utakuwa na gharama za kuanzia. Mwezi ujao tutazungumza. Msalimie shangazi yako, na ukae naye mpaka upate nyumba yenye ukuta na mlinzi.

Lenzi yangu ya jicho siioni tangu jana. Kama uliichukua uitazame saa yako, angalia mfuko wa koti la kijivu. Usiirudishe kwa mtu. Kaa nayo, uje nayo mwenyewe Desemba.

Baba yako