Salamu za Yom Kippur kutoka Yerusalemu

Ndugu na jamaa, salamu nyingi. Leo jua likizama inaingia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, tarehe 10 ya mwezi wa Tishri katika kalenda yao.

Sisi tuliokua na Ramadhani tunajua kufunga, lakini saumu hii ina ukali wake. Inashika kabla ya magharibi ya leo, haifunguliwi mpaka kesho usiku nyota zionekane. Saa 25 hivi bila chakula, bila tone la maji, bila kuoga, na hakuna cha kuamkia daku. Viatu vya ngozi navyo ni marufuku, kwa hiyo jioni utaona wazee na kanzu nyeupe zilizonyooka, miguuni raba za turubai, wakienda sinagogi kusikiliza Kol Nidre, tamko linalofungua ibada ya usiku huu. Magari hupotea, watoto wakaziteka barabara kuu kwa baiskeli. Kesho alasiri kitasomwa kitabu cha Yona, ndiye Nabii Yunus wetu, pale Ninawi nzima ilipofunga hadi ng'ombe. Pembe la kondoo likishalia, ndipo watu wale.

Mimi lakini njaa si iliyonigusa. Walimu wao wa kale waliandika kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria zao, kwamba siku hii husafisha makosa ya mja kwa Mungu wake. Uliyemkosea mwenzako, nenda kwanza ukamridhishe. Basi siku hizi kumi tangu mwaka mpya wao, simu haziachi kulia na milango haiachi kugongwa.

Wangu umegongwa jana. Ni mama wa ghorofa ya chini, aliyenifokea mbele za watu mwezi wa tatu, eti maji yangu ya kudekia yamechuruzikia shuka zake kambani. Kasimama kizingitini, mkono kifuani: "Nisamehe, jirani." Nikamjibu nilishasahau zamani. Uongo mtupu! Tangu siku ile napita mlangoni kwake kama napita ukuta.

Kwenu mnaofunga Nairobi, na kwenu Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, mlioishika dini hii tangu 1919 na hamkuiacha hata Idi Amin alipoipiga marufuku: saumu iwe nyepesi, na mtiwe muhuri wa heri kwenye kitabu cha uzima. Bado saa moja hivi jua lizame. Nashuka ngazi, nina maneno na yule mama.