Bandikeni orodha ya mbolea ya ruzuku kwa chifu

Mhariri,

Nalima ekari tatu za mahindi hapa Trans Nzoia, na kabla sijalalamika niseme wazi kwamba mbolea ya ruzuku imetufaa. Mwaka wa 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa umepita Sh6,000, na wengi wetu tukapunguza shamba au kupanda kwa samadi tu. Septemba mwaka huo serikali iliishusha bei hadi Sh3,500, na mwaka uliofuata hadi Sh2,500. Kwa mkulima mdogo hilo si jambo la kubeza.

Kinachoniuma ni kwamba hatujui nani huipata. Tulisajiliwa kupitia kwa machifu na wazee wa vijiji, majina yakaingizwa kwenye kompyuta, na tangu hapo kila mmoja hungoja ujumbe kwenye simu yake. Usipoingia, unaambiwa jina halionekani, na huna pa kulitafuta.

Jirani yangu ni mjane. Shamba lilisajiliwa kwa jina na laini ya marehemu mumewe, kwa hivyo kila Machi, mawingu yakianza kukusanyika, huitoa ile simu kabatini akaichaji. Msimu uliopita ujumbe uliingia: mifuko minne. Akapanda bodaboda hadi ghalani na kitambulisho cha marehemu pamoja na cheti cha kifo, akapanga foleni tangu alfajiri. Saa nane mchana akaambiwa arudi kwa chifu. Kwa chifu akaambiwa hayo ni mambo ya ghala. Alipanda wiki tatu baada yetu, kwa mfuko mmoja wa bei ya duka, na mahindi yake yalipotoa mbelewele yetu yalikuwa yamekwisha kubeba. Ile mifuko minne ilikwenda wapi? Hadi leo hajui, na hana wa kumuuliza.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila kata ndogo ibandikiwe orodha kwenye ukuta wa ofisi ya chifu: jina la mkulima, kijiji chake, ekari alizosajili na mifuko aliyochukua. Basi. Sisi tunajua nani alifariki, nani alihamia Nairobi akakodisha shamba, na nani ameandikisha ekari ishirini ilhali ana kipande cha sukuma wiki nyuma ya nyumba. Kasoro kama hizo kompyuta haiwezi kuzijua, lakini baraza moja linatosha kuzitoa zote.

Najua kutakuwa na wa kutaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Nambari za simu na za vitambulisho zifichwe, sina neno. Lakini ruzuku ni pesa za umma, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Marekani, mtu yeyote anaweza kusoma mtandaoni ni mkulima gani wa kaunti gani aliyelipwa ruzuku, na kiasi gani. Kilimo chao hakijafa kwa sababu hiyo.

Tukumbuke pia mbolea bandia iliyouziwa wakulima kupitia mpango huu wa ruzuku mwaka wa 2024. Serikali iliahidi kuwafidia waliouziwa. Orodha ingekuwa ukutani, kila kijiji kingejua nani anastahili fidia na kama ameipata.

Magavana nao wasiturushie mpira wakisema mbolea ni ya Nairobi. Ukulima umegatuliwa, na maafisa wa kilimo wa nyanjani ni wao.

Orodha zibandikwe Februari, kabla ya trekta kuingia mashambani, ili mwenye kasoro apate muda wa kuirekebisha mvua ikiwa bado mbali.

Mkulima,
Kaunti ya Trans Nzoia